Herufi Ishirini za Kati

Kasulu, Jumatano, baada ya alasiri.

Rama wangu,

Habari za sweta, za maji ya kuchemsha na za kutosinzia treni ikisimama, umeshaambiwa na shangazi zako watatu, kila mmoja mara mbili. Hizo ni mara sita, na ya saba haitoki kwangu. Mimi nina neno moja tu, na kwa kuwa ni moja, nimejipa ruhusa ya kulirefusha.

Nakuandikia makusudi kwa herufi hizi za kuanzia kushoto, nilizojifunza ukubwani kwenye kisomo cha akina mama. Kesho alfajiri unapanda gari la Mzee Nasoro mpaka Kigoma, na Mzee Nasoro herufi hizi hazijui. Anazozijua ni zile za chuoni tu, za Kiarabu. Akikuona unasoma ataona nyayo za kuku kwenye karatasi. Mwache azione.

Ijumaa iliyopita nilikuwa dukani kwake, nyuma ya magunia ya chumvi, nikichagua lisiloloa. Wewe hukujua kama nipo, naye hakujua. Nikamsikia:

"Sasa Rama, ukifika kiwandani kwa wapiga chapa watakuuliza, nani kachora herufi hizi? Utasema ni kazi ya marehemu ami yangu wa Pangani. Ukurasa wa mbele watie jina lake, Mungu amrehemu. Umenielewa?"

Ukasema, "Ndiyo mzee."

Hukuvuta hata pumzi kati ya swali lake na jibu lako. Nilikaa pale nyuma ya magunia mpaka ukaondoka, na chumvi sikununua. Jioni ile ugali haukuwa na chumvi, ukaniuliza kulikoni, nikakwambia dukani imekwisha. Sasa unajua.

Usidhani nakugombeza. Hiyo "ndiyo mzee" yako si ya kwako. Umeirithi kwangu, na ya kwangu ilinichukua miaka minne. Ndiyo nataka kukusimulia, maana wewe habari za herufi unazijua kwa vidole tu. Kwako ziko sandukuni kama vile zilizaliwa humo.

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, chuo cha Mwalimu Hamisi kilikuwa na watoto kumi na wanane. Mwezi mmoja baadaye walikuwa sitini na wanne. Juzuu zilikuwa tano, na moja kati ya hizo ilikwisha liwa na mchwa nusu. Kutoka pwani hakukuja kitu. Mwalimu alikuwa akiandika mbao sitini na nne kwa mkono wake, kila siku, mpaka kifundo kikavimba. Nikamwendea, nikamwambia, "Mwalimu, nitakuchapia karatasi."

Akacheka. "Utachapa kwa nini, Mama Rama? Kwa mwiko?"

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Herufi nilizijua. Babu yako Bihagaze alitoka Nyakitonto akawa mpagazi wa wafanyabiashara wa Ujiji, akasilimu kulekule, na mimi nikakulia barazani pa chuo cha watu. Wavulana wakisoma ndani, mimi nje nikaandika kwa kijiti kwenye vumbi. Miaka sita. Hakuna siku hata moja mwalimu wa kule alinyoosha kidole akasema, wewe binti, soma. Lakini nilisoma.

Na baba yako, Mungu amweke pema, alikuwa bado yu hai, na karakana yake ya baiskeli ilijaa mipira ya ndani iliyochoka na makopo ya solusheni. Kijiji kipya kilipotaka muhuri, yeye ndiye aliyewakatia: mpira wa ndani wa lori, wembe, kibao cha mninga, basi. Nikasema, kama mpira unaweza kusema "Ofisi ya Kijiji", utashindwaje kusema "alifu"?

Nikakata herufi ishirini na nane, kama tulivyoziimba chuoni, moja moja, kila moja imekaa peke yake katikati ya kibao chake, na pembeni nimeiachia nafasi kama muhuri unavyoachiwa ili usibanduke. Miezi miwili. Nilikatwa na wembe mara kumi na moja, alama mbili bado ninazo. Nikapanga maneno, nikapaka masizi na mafuta, nikachapa karatasi ya kwanza, nikaipeleka chuoni mwenyewe nimevaa kanga mpya.

Mwalimu akampa mtoto wa mbele. Neno lilikuwa "baba". Mtoto akalitazama, akavuta pumzi, akapiga kelele: "Be! Alifu! Be! Alifu!" Na wale sitini na watatu wakadakia, "Be! Alifu! Be! Alifu!" kama wanapigia mtu ngoma. Walikuwa wanazitaja herufi kama watu waliojipanga foleni, kila mmoja na jina lake. Neno hawakuliona. Halikuwepo la kuonekana.

Mwalimu Hamisi alinisubiri watoto watoke. "Mama Rama," akasema, "umetuletea majina. Maneno umeyaacha nyumbani."

Tangu siku ile watoto wakaniita Mama Be-Alifu. Wewe ulirudi na shati limechanika begani, ukakataa kusema nani kalichana. Nilijua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulipigana kwa ajili ya jina langu bila kutumwa. Naikumbuka sana siku ile wiki hii.

Nilikasirika nikaacha kazi mwezi mzima. Kisha nikatoa barua ya zamani ya mwalimu wa Ujiji, iliyoandikwa kwa kalamu ya tete, nikanyoosha uzi mweupe chini ya mstari wa kwanza, kama ninavyonyoosha nikishona kofia. Hapo ndipo nilipoona. Kila mahali herufi inapomshika jirani yake, mshiko umekaa juu ya uzi. Pote. Mwandishi hakupima, lakini mkono wake ulipima.

Na nikaona lile ambalo nililiandika miaka sita kwenye vumbi bila kuliona: herufi moja si umbo moja. Ikiwa peke yake ina umbo lake. Ikianza neno inajikunja upande mmoja impe jirani mkono. Ikibanwa katikati inatoa mikono miwili, yenyewe inabaki kijino tu. Ikimaliza inajinyoosha na kulaza mkia. Nikahesabu. Ishirini na mbili zina maumbo manne manne, themanini na nane. Sita zina mawili tu, kumi na mbili. Jumla mia kamili. Nikaongeza pe, che, ge na ve, maana sisi tunasema Kiswahili, nazo ni kumi na sita. Lamu na alifu zikikutana zina fundo lao, maumbo mawili. Mia moja na kumi na nane. Baba yako akasema, "Mke wangu, ulikata ishirini na nane ukaona umemaliza?" Nikamwambia aniletee mpira mwingine na aache maneno.

Vilivyobaki unavijua: mstari nilioukwaruza kwa msumari ubavuni mwa kila kibao, kimo kimoja kwa vyote, mpira ninaoupitisha nje ya kibao ukubwa wa kucha kisha naukata sawasawa na ukingo, ili jirani na jirani wagusane bila ufa, zile zinazotumika sana nilizozikata nne nne, tano tano, hata sita sita, mpaka sanduku likawa na vibao mia mbili sitini na vinne. Irabu tukazitia kwa kalamu, wewe na mimi, karatasi kwa karatasi. Neno la kwanza lililoshikana lilikuwa "kalamu". Mwalimu Hamisi alilipitisha kidole toka mwanzo hadi mwisho, akakigeuza kidole akakitazama, kama aliyetarajia kukwaruzwa.

Watoto wakasoma, Rama. Sitini na wanne. Huo ni ukweli wangu na hauna haja ya kupambwa.

Sasa kosa. Mzee Nasoro aliziona karatasi, akasema atazipeleka Manyovu na Kibondo kwenye gari lake. Alizipeleka kweli, hata masika, barabara ikiwa uji mwekundu. Hilo ni jema lake na namhesabia. Lakini siku ya kwanza, kabla ya kupakia, aliniambia hivi mbele ya baba yako:

"Mama Rama, tuseme ukweli. Nikisema zimetoka kwa mke wa fundi baiskeli wa hapa Kasulu, binti wa Bihagaze, nani atazigusa? Nikisema zimetoka pwani, watazibusu."

Nikasema, "Ndiyo mzee."

Nimejitetea miaka yote hii kwamba baba yako alikuwa ameanza kuugua, kwamba nilihitaji mafuta ya taa na karatasi, na karatasi alikuwa nazo yeye. Yote kweli. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jingine, na leo nalitoa: nilimwamini. Mimi niliyehesabu mia moja na kumi na nane kwa macho yangu, niliamini kwamba kazi ya pwani ingekuwa na thamani kuliko ya kwangu, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ileile, na ilikuwa ya kwangu. Tulilelewa hivyo huku juu. Tende ya pwani, kofia ya pwani, dua ya pwani. Mtu anashona kofia hapa Kasulu usiku na mchana halafu anamwambia mnunuzi imetoka Unguja, na mnunuzi anayemwona na sindano mkononi anaitikia. Sisi tu ndio tunaoweza kufanya ujinga wa namna hiyo, na tunaufanya kwa adabu.

Mwaka wa pili akaja mwanamke kutoka Kibondo, Bi Tatu jina lake, na bintiye wa miaka kama kumi na mitatu. Walikuwa wamelala njiani. Nilikuwa dukani. Akatuamkia kikwetu, "Mwakeye," akatoa karatasi ndani ya kanga, imekunjwa nane. Karatasi yangu. Akamwambia Mzee Nasoro, "Huyu mtoto amezinakili hizi zote kwa mkaa ukutani mpaka nyumba imekuwa nyeusi. Namtafuta mwandishi wake, amfundishe. Yuko wapi?"

"Pangani," Mzee Nasoro akasema. "Mbali sana, mama. Treni siku mbili tatu, na gari juu yake."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Masizi yalikuwa kwenye vidole vyangu; unajua yale hayatoki hata kwa majivu. Niliuingiza mkono ndani ya kanga.

Yule mama akamgeukia bintiye. "Basi twende mwanangu. Ya pwani hatuyawezi."

Wakatoka. Nikawatazama mpaka kona ya posta. Hatua tatu, Rama, na sikufungua mdomo. Nimefanya makosa mengi ya wembe na ya gundi, yote nimeyasahihisha kwa kukata kibao kipya. Hili sikupata mpira wa kulikatia.

Sasa nisikilize kuhusu herufi za kati, maana wewe ni mtu wa kati na mimi pia. Unajua be, te, nuni na ye zikiwa katikati ya neno hazina tofauti. Zote ni kijino kilekile kimoja, zimeinama, zimetoa mikono huku na huku. Sijawahi kuona ubaya katika kuinama kule. Bila kuinama hakuna neno, kuna Be-Alifu tu. Ukienda mjini utainama kwa mengi, na sikukatazi: kuamka mapema kuliko wengine, kufagia, kusubiri. Lakini kila kijino kimeshika nukta yake. Moja chini, mbili juu, moja juu, mbili chini. Ukiifuta nukta, si kwamba umeinama zaidi. Hakuna anayejua tena wewe ni nani, na neno lote limeharibika, na jirani zako nao. Mimi niliinama vizuri. Kisha nukta yangu nikampa Nasoro akaipeleka Pangani.

Kiwanda kile, kwa alivyosema yeye mwenyewe, kina herufi za Kiarabu tayari, za madini. Lakini hazina pe wala che wala ge wala ve, na ni ndogo kwa jicho la mtoto. Ndiyo maana wanataka zetu, wazipige picha moja moja wazimwage kwa madini, wachape kitabu cha kusomea cha vyuo vyote. Likishapigwa chapa jina la ami yake kwenye ukurasa wa mbele, hakuna wembe wa kuliondoa. Watoto wa vyuo mia watajifunza kwamba mtu wa Pangani alikaa akawafikiria. Sitaki. Nimekaa kimya miaka minne na sitaki wa tano.

Najua nafasi ya kazi amekutafutia yeye. Najua anaweza kupiga simu posta ukarudishwa. Nimelipima hilo siku tano nzima. Lakini hesabu nyingine ni hii: pale kiwandani hakuna anayejua kipi ni cha kuanza na kipi ni cha kati. Wewe unapanga mstari mzima chai ikiwa bado ya moto. Wanakuhitaji wewe kuliko wanavyomhitaji mtu aliyewaandikia kwamba unakuja. Hilo hakukwambia.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Sanduku ulilolifunga jana kwa kamba, asubuhi nililifungua. Mzee Nasoro atalinyanyua kesho, ataliona zito, ataridhika. Ndani kuna vibao mia mbili arobaini na vinne. Nilivyotoa ni nuni ya kati tano, mimu ya kati tano, ye ya kati sita na lamu ya kati nne. Ishirini. Umeshapanga kurasa za kutosha kujua ishirini hizo ni nini. Bila hizo huwezi kuchapa ukurasa mmoja wa maana. Sanduku lile ni kuni za kuivisha maharage mara moja.

Ziko ndani ya mto wako, katikati ya sufi. Nimeushona mara mbili.

Watakapokuuliza nani kachora, utawaambia. Ukiisha kuona jina langu kwenye karatasi ya majaribio, kwa macho yako, limeandikwa na wino, ndipo ufumue mto. Wakisema jina hilo halifai, waambie kwa adabu kwamba herufi hazijatimia, upande treni urudi na mto wako. Tutaendelea kwa masizi. Watoto wa Kasulu walisoma kwa masizi na hawakufa.

Na ukiona huwezi, wewe ndiye utakayekuwa umesimama mbele ya meza yao, si mimi. Fumua mto, virudishe sandukuni, useme Pangani. Sitakuuliza kitu, na ukija likizo utakuta ugali una chumvi. Nakwambia hili ili usiseme baadaye kwamba nilikulazimisha. Baba yako aliwahi kusema mimi nikitaka jambo huwa nakata mpaka ukingo. Hapa nimekuachia ukubwa wa kucha. Ukate mwenyewe.

Mimi nami sikai. Kesho ukishaondoka, lori la mahindi linakwenda Kibondo, nimeshaomba nafasi mbele kwa dereva. Nitauliza nyumba yenye ukuta mweusi. Yule binti sasa ana miaka kumi na sita, huenda ameolewa, huenda mama yake atanifungia mlango, na atakuwa na haki. Nitautoa mkono nje ya kanga, nimwambie Bi Tatu kwamba Pangani ilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Kisha nitamuuliza kama mtoto bado anataka. Nimebeba nyembe mbili na kipande cha mpira.

Jua limefika kwenye paa la karakana na sitaki kumalizia kwa taa. Kwenye treni utaulalia mto huo siku mbili, na utakuumiza shingo. Abiria mwenzako akikuuliza mbona unajigeuza, mwambie mto umeshonwa na mama yako. Usiubadilishe na wa mtu.

Mariamu binti Bihagaze,
mchonga herufi, Kasulu.